Mwaka Tuliohesabu Wadudu wa Kijito

Kwa miaka mingi siku niliyoipenda kuliko zote ilikuwa Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndipo nilipoosha lori langu. Kuna kijito kinachokata barabara upande wa Nyakiyumbu, na pale kando ya daraja ukingo umelala taratibu, kiasi kwamba lori linaingia majini mpaka nusu ya magurudumu. Madereva tulikusanyika hapo tangu asubuhi. Tulivua viatu, tukakunja suruali, tukasugua. Povu lilishuka na maji likiwa jeupe, kisha la kijivu, kisha likang'aa rangi za upinde wa mvua, na mtu akasifu, "Leo oili imetoka vizuri!" Tulicheka sana pale. Mke wangu alikuwa akisema kwamba sabuni ya lori nainunua bila kuulizwa, ila ya nguo zake lazima nikumbushwe mara tatu, na hakusema uongo.

Mimi ni mtoto wa dereva. Baba alikuja Kasese enzi za machimbo ya shaba, akaoa, akajenga Rukoki, akatulea kwa Kiswahili na madrasa. Lhukonzo, lugha ya wenyeji, nakisikia, ila kinywani mwangu kinachechemea. Nilipooa nilihamia Bwera, na tangu hapo nabeba maharage, kahawa na ndizi kutoka soko la mpakani hadi Kasese mjini, na kurudi na chumvi, mabati, magodoro, chochote kile. Shuleni sayansi niliikimbia. Sikudhani ingenifuata barabarani.

Ilinikamata kwa sababu ya kuchelewa. Siku moja gombolola, yaani serikali ya kata yetu, iliita mkutano juu ya maji. Afisa wa maji alikuja na mwalimu wa chuo kikuu, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mwenye viatu vya mpira hadi magotini. Walieleza kwamba afisa ni mmoja na vijito ni vingi, hawezi kuviona vyote. Kwa hiyo wanataka watu wa kawaida wanaoishi karibu na maji wajifunze kuyapima, wapeleke majibu kila wiki kwa simu, na majibu hayo yatumike kupanga jinsi ya kukitunza kijito. Wafanyabiashara wa soko watoe mtu, na madereva watoe mtu. Nilipofika nikiwa natoa jasho, nikiomba radhi kwa sababu ya pancha, madereva wenzangu walikuwa wanapiga makofi. Walikuwa wameshanichagua. Hakuna aliyetaka kazi isiyo na malipo, na mimi sikuwepo kukataa.

Upande wa soko alisimama mama mmoja niliyemjua vizuri, maana magunia yake ya maharage niliyabeba mara nyingi. Alitoka maeneo ya Butembo, ng'ambo ya mpaka, alikimbia vita na watoto wake, akapanga chumba chini ya barabara, karibu na kijito. Mkatoliki wa rozari shingoni, mwenye sauti ya kuuzia sokoni. Yeye na wakulima wa Nyakiyumbu walielewana kwa lugha zao, ambazo ni kama ndugu wa tumbo moja. Mimi aliniwekea Kiswahili cha kwao.

"Papa shofere," aliniambia, "na wewe iko mu hii kazi? Basi tutafanya. Lakini hapana kuchelewa."

Mwalimu alitupeleka kijitoni kutufundisha. Nilitegemea mashine. Alichotoa kwenye mfuko kilikuwa neti ya kitambaa cha chandarua, beseni jeupe, kioo cha kukuzia na karatasi yenye picha za wadudu. Mmoja anasimama majini, anavuruga mawe kwa miguu, na mwenzake anashika neti upande maji yanakokwenda. Kinachonaswa kinamwagwa kwenye beseni. Halafu mnainama na kuangalia.

Siku ile niliona uchafu tu, majani na mchanga. Mwalimu akasema tusubiri. Tukasubiri, na uchafu ukaanza kutembea. Nilirudi nyuma hatua mbili nzima. Yule mama alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mwanaume mzima anaogopa kidudu! Tuone. Ah, huyu iko na mikia mbili. Na huyu tatu. Na huyu, aye, angalia, Papa, huyu amejenga nyumba!"

Ilikuwa kweli. Kulikuwa na mdudu aliyejishonea ala ya vipande vya majani na chembe za mchanga, akatoa kichwa tu na kuikokota nyumba yake sakafuni mwa beseni. Niliinama tena. Nilikaa pale mpaka mgongo ukauma. Nilikuwa nimekiosha kijito kile kwa sabuni miaka kumi na zaidi, na sikujua kwamba chini ya mawe kuna watu wa nyumba.

Mwalimu alieleza kwamba wa mikia miwili ni mwenye kudeka kuliko wote. Maji yakiharibika kidogo tu, yeye hufa au huondoka kwanza. Wa mikia mitatu humfuata. Wale minyoo wadogo wekundu ndio wavumilivu, hukaa hata penye uvundo. Kila aina ina alama zake. Ukijumlisha alama na kugawa kwa idadi ya aina ulizopata, unapata namba moja, na namba hiyo ndiyo hali ya kijito. "Maji hayawezi kusema," alisema, "lakini hawa wanaishi humo usiku na mchana. Waulizeni hawa."

Tulianza. Kila Jumamosi asubuhi tulipima mahali pawili: juu, kwenye mashamba ya kahawa, na chini ya barabara, karibu na kwao yule mama. Mimi niliandika kwenye simu, yeye alitambua wadudu. Hakusoma shule sana, lakini jicho lake lilikuwa limezoea kuchagua maharage mabovu katikati ya mazima, na mdudu hakumpita. Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilikutana, basi tulikuwa wawili majini wenye njaa, tukihesabu viumbe walioshiba.

"Wewe unafunga mpaka jioni," aliniuliza, "halafu unakula yote?"

"Na wewe unafunga nini?"

"Nyama. Na kutukana batu ya soko. Hii ya pili ndio iko nguvu."

Watu walituzoea. Wanawake waliokuja kuteka maji walisimama kuchungulia beseni, na wakulima waliokwenda shambani waliuliza, "Wameamkaje leo?" kana kwamba tuna wagonjwa hospitalini. Nami nilianza kuwaza wadudu nikiwa kwenye usukani. Nikivuka daraja lolote kati ya Bwera na Kasese, nilipunguza mwendo nikajiuliza chini yake kuna nani.

Lakini namba zilitusumbua. Juu zilikuwa nzuri kila wiki: mikia miwili, mikia mitatu, wajenzi wa nyumba. Chini ya barabara tulipata minyoo wekundu, ruba, na basi. Tulipozituma, mwalimu alipiga simu. Alisema kati ya sehemu hizo mbili kuna kitu, na ni juu yetu kukitafuta.

Nilijua. Nadhani nilijua tangu wiki ya tatu. Kati ya sehemu hizo mbili kulikuwa na daraja, na darajani kulikuwa na sisi. Lakini mdomo wangu ulisema, "Labda ni dawa za wakulima." Yule mama aliniangalia, akasema wakulima wako juu, na kule juu wadudu ni wazima. Nikasema labda ni wanaofua nguo. Akasema wanaofua wako chini zaidi.

Wiki ile nilifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nacheka peke yangu kwa aibu. Niliwaendea madereva wenzangu mmoja mmoja nikawaomba Jumamosi wasioshe. Nilisingizia ukaguzi. Jumamosi kijito kilipita chini ya daraja kikiwa angavu kama chai isiyo na maziwa; ungeweza kuhesabu kokoto. Nilishuka kwenda kupima nikiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kuona majibu ya mtihani. Tuliingia, nikavuruga mawe kwa nguvu zote, tukamwaga kwenye beseni, tukainama.

Minyoo wekundu. Ruba mmoja.

Tulirudia mara tatu. Maji yalikuwa safi, na wadudu walikuwa walewale. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya mwalimu. Maji ya leo yamepita, hayakumbuki jana. Mdudu anakumbuka miezi. Anakua humo taratibu, na ukimwua Jumamosi moja, hatazuka Jumamosi ijayo kwa kuwa umemfanyia heshima ya siku moja. Nilikuwa nimejaribu kumhonga mdudu.

Nilishika simu, kidole kikiwa juu ya namba. Ningeweza kuandika yoyote. Mwalimu alikuwa mbali, na yule mama hakusoma nilichoandika. Badala yake nilikaa juu ya jiwe, suruali imelowa, nikasema, "Mama, ni sisi. Ni mafuta na sabuni za malori. Na leo niliwazuia wasioshe ili namba itoke nzuri."

Alikuwa akisuuza neti. Hakugeuka.

"Papa, miye nilijua."

"Ulijua?"

"Miye niko nateka mayi hapa kila siku. Mayi ya Jumamosi inanukia gari. Batoto banakataa kuikunywa."

"Kwa nini hukusema?"

Sasa aligeuka. "Nikisema miye, mukimbizi, muuza maharage, nani atanisikia? Mutasema, huyu Mukongomani anataka kutufukuza mu mutoni. Lakini kidudu ikisema, kidudu haina kabila. Na wewe ndio ulihesabu. Andika."

Niliandika. Kisha nikamwomba radhi, na maneno ya radhi yalinitoka vibaya, nusu Kiswahili nusu kikohozi. Alinipigapiga begani kwa mkono wenye maji. "Bon," alisema. "Sasa tunafanya nini?"

Tulichofanya kilikuwa wazo lake. Alisema wanaume wa magari hawasomi namba, wanaamini wanachokiona, kwa hiyo tuwapelekee wakaone. Jumatatu tulijaza mabeseni mawili meupe, moja kwa wadudu wa juu, moja kwa wadudu wa chini, tukayabeba kichwani mpaka steji ya malori Bwera. Yeye alitembea kama malkia, halikumwagika tone. Mimi nilifika nimelowa mabega.

Mwenyekiti wetu wa madereva ni mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno mafupi. Tunamwita Afande hata akiwa amevaa kandambili. Alituona akasimama.

"Wewe! Hii nini?"

"Wadudu, Afande."

"Toa hapa! Hapa steji, hapana hospitali!"

Yule mama hakuyumba. Aliweka beseni lake miguuni pa Afande. "Papa Afande, inama kidogo. Dakika moja tu."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwamuru mzee yule ainame. Aliinama. Madereva wakajaa nyuma yake. Nilieleza nilivyoweza: hawa wa mikia, hawa wa nyumba, wametoka juu. Hawa wekundu wametoka chini yetu. Kati yao kuna daraja. Nilisema mimi pia naosha hapo, na nimeosha kuliko wengi wenu. Afande alichukua kijiti, akamfuatisha mjenzi wa nyumba polepole, kama anayesoma ramani.

"Huyu anabeba mzigo," alisema.

"Ndiyo, Afande. Nyumba yake."

"Kama sisi." Akahamia beseni la pili, akaangalia minyoo. Halafu akamwuliza yule mama, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Na wewe nakunywa hii maji?"

"Na batoto."

Alisimama wima. "Sikia! Kuanzia leo hakuna mtu kuosha gari ndani ya mto. Hakuna! Mimi napita kuangalia."

Dereva mmoja aliuliza basi tuoshee wapi. Swali lilikuwa la haki, na lilituchukua wiki kadhaa kulijibu. Afisa wa maji alikuja na kutuonyesha kipande cha ardhi ya mawe mbali na kijito, mwenye ardhi hiyo akakubali kituo cha kuoshea kijengwe. Alituchorea mchangani: sakafu iliyoinama, mtaro, shimo la kunasa oili, kisha shimo kubwa lililojazwa mawe, kokoto na mchanga, ili maji yachujwe kabla hayajafika popote. Malori yaliyokuwa yakirudi matupu kutoka Kasese yakaacha kurudi matupu. Kila dereva alipakia mawe. Mke wangu na wanawake wa soko walileta chai na mihogo ya kuchemsha, na yule mama alisimamia upangaji wa kokoto akipiga kelele kwa Kiswahili, Kinande cha kwao na Kifaransa, na kila mtu alimtii bila kujua ni lugha gani. Afande mwenyewe alichimba. Alichimba mtaro ulionyooka kiasi kwamba tulimtania anasubiri adui.

Tukaendelea kupima, nikiwa na pupa. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Halafu mvua kubwa ikanyesha milimani, kijito kikashuka kahawia na kishindo, kikabeba matawi na mawe. Kilipotulia tulipima, na mabeseni yote mawili yalikuwa karibu matupu. Hata juu. Nilivunjika moyo. Nilimpigia mwalimu nikasema wamekufa wote, kazi imekwisha. Alicheka kwa upole. Alisema mafuriko huwasomba kila yanapokuja, na wao wamezoea. Wengine wamejificha ndani kabisa chini ya mawe, na wengine wazazi wao wanaruka hewani sasa hivi wakitafuta pa kutaga. "Pimeni tu," alisema. "Safari hii hakuna sabuni itakayowapokea."

Juu walirudi upesi. Chini tulipata kwanza wa mikia mitatu, wachache, wembamba kama nyuzi. Yule mama aliwasalimia mmoja mmoja. Kisha, Jumamosi moja ya jua kali, nilipokuwa nimeshika neti na mawazo yangu yako kwenye mzigo wa kahawa, nilisikia ukelele nyuma yangu. Niligeuka nikidhani amekanyaga nyoka. Alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, mikono kichwani.

"Mbili! Papa, mikia mbili! Kuja! Kuja uone!"

Nilikimbia majini nikaanguka, nikafika nimelowa mpaka kofia. Alikuwepo, wa manjano na madoa meusi, mikia yake miwili imetanuka, anatembea kwenye beseni bila wasiwasi wowote. Yule mama aliimba wimbo wa kanisani na kucheza palepale ndani ya maji. Mimi nilisema Alhamdulillahi, nikajikuta napiga makofi kufuata wimbo wake. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walitupa madumu, wakaja mbio wakiuliza nani amezama. Tulipowaonyesha mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, walitutazama kwanza kwa huruma. Kisha mmoja akaupokea wimbo, na wengine wakafuata.

Tangu hapo kamati ya maji ya gombolola hututaka tukae nayo inapopanga mambo ya kijito. Namba zetu hutandikwa mezani kwanza, ndipo watu waseme. Kwa namba hizo wakulima walikubali kuacha ukanda wa matete kando ya maji wasiulime, na vijito viwili vingine vimepata wapimaji wao, wote watu wa kawaida: fundi cherehani, mwalimu wa katekisimu, mama wa mgahawa. Tunagombana sana. Kila kikundi kinaamini wadudu wake ni wazuri kuliko wa wengine.

Mwezi uliopita tulialikwa Hamukungu, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa George, ndani ya hifadhi, ambako wavuvi wenyewe wameanza kupima samaki wanaovua na maji wanamovua. Niliendesha lori, yule mama kando yangu na rozari yake, Afande upande wa dirisha kwa sababu alisema lazima kuwe na ulinzi. Ulihitajika kweli, kiboko alikuwa amesimama katikati ya njia ya kuingilia kijijini, anakula majani ya mtu. Afande alifungua dirisha akamwamuru, "Ondoka! Hii barabara!" Kiboko hakuwa amepitia jeshi. Tulisubiri mpaka aliposhiba.

Wavuvi walitupokea kwa samaki wa kukaanga na ugali, na mvuvi mmoja mwanamke, mwenye ubao wa kupimia uliochorwa mistari, alituonyesha wanavyomlaza kila samaki, wanaandika urefu, na mdogo anarudishwa majini. Alisema mwanzoni wanaume walimcheka, sasa wanapanga mstari. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua ubao, akamlaza sato mmoja juu yake, akasoma.

"Huyu ni mutoto," alisema. "Rudisha."

"Huyo ameshapikwa, Mama," mvuvi alijibu.

Tulicheka mpaka waliokuwa kwenye mitumbwi wakageuka kutuangalia.